Mwili Wako Hautakuambia Oksijeni Imeisha

Wasee wa Kisii na Nyamira, najua mnachosema. Sisi hatuna bahari, mambo ya wapiga mbizi yanatuhusu nini?

Tuna mto Gucha. Unaanza kwenye vilima vya Nyamira, unapita Kisii, unateremka Migori hadi Ziwa Victoria. Mvua ikizidi unafurika, na mashimo ya machimbo nayo yanajaa maji. Mtu akizama, anayeingia kwanza ni kijana wa hapo kijijini. Anavua shati, anavuta pumzi, anaruka. Hana mtungi wa hewa, hana kamba. Sisi tuko ukingoni na simu tunarekodi.

Tunamwita shujaa, na kweli ni shujaa. Lakini historia ya kupiga mbizi inasema kitu kimoja tena na tena: ujasiri haupimi oksijeni.

Twende mwaka 1878. Mwanasayansi Mfaransa, Paul Bert, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu presha ya hewa. Alionyesha kwamba oksijeni, hii hii inayotuweka hai, ikiwa na presha kubwa inakuwa sumu na kuleta degedege. Kwa hivyo mtu akiwa chini ya maji ana shida mbili: ikipungua anazimia, ikizidi anatetemeka na kupoteza fahamu. Na majini, kupoteza fahamu ni kuzama.

Mwaka 1905 huko Uingereza, J. S. Haldane na J. G. Priestley wakaonyesha jambo ambalo bado watu wengi hawajui. Ile hamu kali ya kupumua ukibana pumzi haiji hasa kwa sababu oksijeni imepungua. Inakuja kwa sababu kabonidayoksaidi, ile hewa tunayotoa, imejaa mwilini. Yaani kengele ya mwili inalia kwa kitu kingine kabisa.

Kisha Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilikuwa na wapiga mbizi waliopumua oksijeni tupu kwenye vifaa visivyotoa mapovu, ili adui asiwaone. Kuanzia 1942, daktari Kenneth Donald aliwapima. Akakuta mtu yule yule leo anavumilia muda mrefu, kesho anapata degedege mapema. Wengine hawakupata dalili yoyote kabla. Kwa hivyo kumuuliza mpiga mbizi "uko sawa?" hakutoshi.

Ndio maana mwishoni mwa miaka ya 1960 Walter Starck na John Kanwisher walileta Electrolung, kifaa cha kupumulia chini ya maji chenye vipimo vya umeme vya oksijeni. Vifaa vya aina hiyo siku hizi mara nyingi vina vipimo vitatu, kwa sababu kimoja kinaweza kudanganya. Viwili vikikubaliana, cha tatu kinatiliwa shaka. Hata mashine haiaminiwi peke yake, sembuse kifua chako.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni, Mombasa, likiwa na mama na binti yake. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Siku hizo zote Wakenya tulikuwa mtandaoni tukiuliza kwa nini wanamaji hawazami tu wamalize. Hasira ilikuwa na haki yake, familia ilikuwa inangoja ufukweni. Lakini gari lilikuwa mita 58 chini.

Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hii ni ya kawaida. Kila mita 10 za maji zinaongeza presha kama ya hewa yote tunayoishi ndani yake. Kwa mita 58, presha ni karibu mara 7. Mtungi ambao juu ungekutosha saa nzima, huko chini hauishi hata dakika 9. Oksijeni iliyo kwenye hewa ya kawaida inafika karibu na kiwango ambacho wapiga mbizi wengi hawaruhusiwi kupita. Naitrojeni inakulevya kama pombe. Na ukimaliza kazi huwezi kupanda mbio, lazima usimame njiani mwili utoe gesi. Kwa hivyo mtu hazami tu. Anazama na hesabu, na juu kuna mtu anaangalia saa.

Rudi Gucha. Kijana wetu, kabla ya kuruka, anapumua haraka haraka mara nyingi "ajaze hewa". Manze, hapo ndipo hatari iko. Kupumua hivyo hakuongezi oksijeni ya maana. Kunatoa kabonidayoksaidi, na kengele inachelewa. Anajisikia poa, anaendelea kutafuta, halafu akili inazima bila onyo. Ni vile vile kwa wale wanaoshindana kubana pumzi kwenye bwawa la hoteli.

Kwa hivyo tukubaliane. Usipumue haraka haraka kabla ya kuzama. Usibane pumzi majini ukiwa peke yako. Mtu akizama, rusha kamba, mti mrefu au jerikani tupu lililofungwa kabla ya kufikiria kuruka. Na kaunti zetu mbili zisingoje msiba mwingine ndio ziite wapiga mbizi kutoka mbali. Wapeni mafunzo hawa vijana ambao tayari wanaingia majini, wapeni mitungi yenye geji, kamba, na mtu wa kusimama juu akihesabu dakika. Kuwapigia makofi peke yake hakuwarudishi nyumbani.