Kontra si ugomvi

Kila Jumatatu usiku, katika ukumbi wa mji mdogo wa Nelson, New Hampshire, Marekani, watu hucheza dansi iitwayo kontra kwa fidla na piano zinazopigwa papo hapo. Jina lisikutishe. Waingereza waliiita dansi ya mashambani, na John Playford akachapisha maelekezo yake mwaka 1651. Ilipofika Ufaransa, neno la Kiingereza “country”, yaani mashambani, likageuzwa “contre”, yaani mkabala, kwani wachezaji husimama safu mbili wakitazamana. Mtu anayetangaza hatua za kucheza hutamka, “Zungusha mwenzako!” Wimbo ukirudi mwanzo, kila jozi imeshasogea na kukutana na jozi nyingine. Kwa Kiswahili, tuiite dansi ya mkabala: ndivyo wachezaji wenyewe wanavyosimama.