Unafuu wa Kodi: Msamaha Ni Mmojawapo Tu

Hotuba za bajeti nchini Tanzania zina misemo miwili ambayo wengi huisikia kama kitu kimoja: kusamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani, na kuitoza kwa kiwango cha asilimia sifuri. Anayenunua kiti cha magurudumu, au kitimwendo kama wengine wanavyokiita, huikuta tofauti yake kwenye bei.

Bidhaa ikisamehewa, muuzaji hamtozi mteja kodi hiyo. Lakini yeye mwenyewe ameshailipa kwenye pango la duka, usafirishaji na matangazo, asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya, na kwa kuwa bidhaa iko nje ya mfumo, harejeshewi. Atafanya nini? Ataipachika kwenye bei. Risiti itaonyesha hakuna kodi, na bado mnunuzi ameilipa sehemu yake bila kuiona. Kwa kiwango sifuri mambo ni tofauti: bidhaa inahesabika kuwa ya kutozwa kodi, ila kiwango chake ni sifuri, hivyo muuzaji ana haki ya kudai kila alichokilipa huko nyuma. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo nafuu inayomfikia mwenye ulemavu ikiwa nzima.

Uingereza imechagua njia hiyo. Chini ya sheria yake ya kodi hiyo ya 1994, kiti cha magurudumu cha pauni 1,000, ambacho kwa asilimia 20 kingeuzwa pauni 1,200, huuzwa 1,000. Mnunuzi hutia saini tamko kwamba ana ulemavu au ugonjwa wa kudumu. Haulizwi kipato chake. Uzee peke yake hautoshi. Hata hivyo, aliyefikisha miaka 60 hutozwa asilimia 5 tu kwa vishikio vya ukutani au kiti cha kupandia ngazi vinapofungwa nyumbani kwake. Hilo si msamaha wala sifuri, ni punguzo.

Ushuru wa forodha ni jambo jingine kabisa, nao hukutwa mapema zaidi, bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Jina la Afrika Mashariki limo katika historia yake: Itifaki ya Nairobi ya 1976, iliyopitishwa na UNESCO, ilipanua Mkataba wa Florence wa 1950 ili vifaa vya watu wenye ulemavu viingizwe nchini bila ushuru.

Napendekeza basi *unafuu wa kodi* liwe jina la jumla, na chini yake vikae msamaha, kiwango sifuri na punguzo, kila kimoja kwa maana yake. Msamaha kama jina la jumla unanikera pia kwa sababu nyingine: katika Kiswahili cha kila siku huombwa na aliyekosa, na mtu aliyepooza miguu hajamkosea yeyote. Ukishazoeleka hivyo, afisa hujiona anatoa hisani mahali ambapo sheria imetoa haki.

Jina hilo la jumla livihusu vipuri pia. Uingereza hutoza sifuri hata kwa matengenezo ya kiti. Sheria ikitaja kiti pekee, mwenye nacho ataendelea kulipa kodi kila betri inapokufa na kila tairi inapokwisha, kwa miaka yote atakayokitumia.