Vijiumbe bila maradhi

Chukua sentensi hii: "Vijidudu vya tumboni vinaleta ugonjwa wa kusahau." Ni nyepesi, na anayetafsiri habari za sayansi kwa haraka ataiandika bila kusita. Sasa mfikirie mama anayemuuguza mumewe, mzee ambaye hulijua jina la mkewe asubuhi akalisahau jioni. Akiisoma sentensi hiyo atakwenda wapi? Duka la dawa, kununua dawa ya minyoo au vidonge vya kuua bakteria. Kila neno limemtuma huko, na huko siko. Kwa hiyo tuipime neno kwa neno.

Tuanze na vijidudu. Mdudu kwetu ni wa kufukuzwa, na kumdogosha hakumwondolei uadui. Waandishi wa afya wanaotaka neno la kitaalamu zaidi husema "vijiumbe maradhi" au "vimelea vya magonjwa", na hapo ugonjwa umekwisha kutiwa ndani ya jina lenyewe. Lakini wanaozungumziwa hapa ni wakazi tulionao karibu tangu siku ya kuzaliwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaonyesha kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, wakati seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Wengi wao wamo katika utumbo mpana, na wote kwa pamoja hawazidi sana gramu 200. Nyuzi za maharage, mchicha na unga wa dona ambazo mwili wetu hauwezi kuzimeng'enya, wao huzichachusha na kutoa asidi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo. Hutengeneza pia vitamini K. Anayefanya kazi hiyo hawezi kuitwa maradhi.

Wazungu nao walihangaika na jina. Zamani waliita jamii hii "flora", yaani uoto, kwa sababu bakteria walihesabiwa kuwa aina ya mimea. Baadaye wakaunda "mikrobiota" kutokana na maneno ya Kigiriki: mikros, dogo, na bios, uhai. Hamna ugonjwa humo. Nasi neno tunalo tayari: kiumbe, likipachikwa -ji- ya udogo, linakuwa kijiumbe. Kasoro ni ule mkia wa "maradhi" tuliouzoea hadi ukaonekana sehemu ya mwili. Tuukate. Kijiumbe kinacholeta ugonjwa kiendelee kuitwa kijiumbe maradhi. Vingine vyote vibaki vijiumbe. Kisha tutangulize neno "jamii", kwa kuwa watafiti hawapimi kijiumbe kimoja, hupima mchanganyiko mzima: nani wapo, kwa wingi gani, pamoja na nani. Mikrobiota ya utumbo, basi, ni jamii ya vijiumbe vya utumbo. Zikiongezwa jeni zao na mazingira wanamoishi, hapo wataalamu husema mikrobiomu.

Wapo wanaopendelea "bakteria rafiki". Nia ni njema, lakini neno hilo nalo linahukumu mapema. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliowahusisha Wahadzabe 27 wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, kwa matunda pori, asali, mizizi na nyama ya mawindo. Vijiumbe vyao vilikuwa vya aina nyingi zaidi kuliko vya wakazi wa Bologna, Italia, waliolinganishwa nao. Lakini watu wazima wa Kihadzabe hawakuwa na Bifidobacterium, wale bakteria wanaosifiwa kwenye makopo ya mtindi kuwa ndio rafiki wakubwa. Mwaka 2017, huko Wisconsin, Marekani, bakteria hao hao walionekana kupungua kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu. Anayekosekana kwa heri Eyasi, kupungua kwake Wisconsin kunaandamana na ugonjwa. Jina lisiamue urafiki wala uadui. Mlo, mahali na majirani ndivyo vinavyoamua.

Tuje kwa tumboni. Tumbo ni mfuko mzima, kuanzia mahali chakula kinapotua hadi mimba inapokaa. Tuseme utumbo. Hata hivyo, hekima ya tumbo tusiitupe. Mwenye wasiwasi tunasema yuko tumbo joto, na anayetaka kutapika husema roho inamchafuka. Kiswahili kilikwisha kusikia kwamba kati ya tumbo na akili kuna mazungumzo. Sayansi inataja njia zake: mshipa wa fahamu uitwao vagasi unaounganisha shina la ubongo na matumbo, kinga ya mwili ambayo vijiumbe huituliza au kuiamsha, na kemikali zinazosafiri kwa damu. Njia hizo kwa pamoja zaweza kuitwa mhimili wa utumbo na ubongo.

Neno la tatu, vinaleta, ndilo la hatari zaidi. Mwaka 2017 watafiti walilea panya wenye jeni za kurundika protini ya amiloidi katika ubongo, kama inavyotokea kwa wagonjwa wa Alzheimer. Waliokuzwa bila kijiumbe chochote walirundika kiasi pungufu kuliko wenzao. Mwaka 2023, watafiti wa Cork, Ireland, na wenzao walihamisha kinyesi cha wagonjwa wa Alzheimer kwa panya vijana, na kumbukumbu za panya hao zikadhoofika. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, kiliwapima watu 164 wenye akili timamu. Kati yao 49 walikuwa na dalili za awali za Alzheimer mwilini, na jamii ya vijiumbe vyao ilitofautiana na ya wenzao kabla hawajaanza kusahau.

Ushahidi huo una uzito, lakini panya si mtu, na kutangulia si kusababisha: ubongo unaoanza kuugua kimya kimya nao waweza kuubadili utumbo. Kiswahili kinatupa kitenzi kinachosema kiasi hicho tu, wala hakizidishi: kuhusishwa.

Limebaki ugonjwa wa kusahau. Demensia ni kundi la dalili zinazoletwa na magonjwa kadhaa, na Alzheimer peke yake huchukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 57 wenye demensia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kusahau ni mlango wake tu. Mgonjwa hupotea njia ya kwake, hukosa neno, hushuku watu wa nyumbani. Tukiliita jambo lote "kusahau", siku mzee anapoanza kubishana na kivuli tutasema hilo si ugonjwa, na kwetu wazee wa namna hiyo wamesingiziwa uchawi. Jina huumiza au huhifadhi. Wajapani walilijua hilo: mwaka 2004 waliacha neno chihō, lililobeba maana ya upumbavu, wakachukua ninchishō, linalotaja utambuzi. Nasi tuseme demensia, na tulifafanue kila mara: kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na utambuzi.

Sasa tuiandike upya: "Jamii ya vijiumbe vya utumbo inahusishwa na demensia, hasa ya Alzheimer." Sentensi hii haimpi mama yule dawa. Lakini haimtumi kwenda kuua wakazi trilioni 38 katika mwili wa mzee ambaye tayari amepoteza mengi.