Kukosa kidato cha tano hakufungi mlango wa uhandisi

Na Mwandishi Wetu, Muheza

KILA matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wapo wazazi wilayani Muheza wanaojiuliza swali moja: mtoto anayependa ufundi, lakini hakuchaguliwa kuingia kidato cha tano, je, ndoto yake ya kuwa mhandisi imekwisha? Jibu ni hapana, ilimradi amefaulu Hisabati na masomo ya sayansi.

Njia iliyozoeleka ni kidato cha tano na cha sita katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM), kisha shahada ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973.

Njia ya pili ni vyuo vya ufundi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, na Chuo cha Ufundi Arusha hupokea wahitimu wa kidato cha nne kwa stashahada ya miaka mitatu. Mhitimu huwa fundi sanifu. Anaweza kuajiriwa, au kuomba kusoma shahada iwapo wastani wake (GPA) haupungui 3.0.

Kwa hesabu ya kawaida, njia ya kwanza huchukua miaka sita na ya pili saba. Hata hivyo, kwa familia inayotegemea msimu wa machungwa kulipa ada, mwaka huo mmoja si hasara. Fedha zikikatika baada ya stashahada, kijana tayari ana taaluma ya kumwezesha kuajiriwa. Zikikatika baada ya kidato cha sita, hana.

Njia ya tatu ni Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), yenye chuo mjini Tanga. Hii ni ndefu zaidi, lakini aliyefika ngazi ya tatu, akiwa pia na cheti cha kidato cha nne, huweza kuomba nafasi katika vyuo vya ufundi kwa masharti ya chuo husika. Wanaotaka kuanza mapema wanayo pia Shule ya Sekondari ya Ufundi Tanga.

Ikumbukwe kuwa shahada pekee haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, anayefanya kazi hiyo ni lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Huanza kama mhandisi mhitimu, na baada ya kupata uzoefu wa kazi chini ya usimamizi ndipo huomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003, bodi hiyo ina mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu kwa ajili hiyo.

Hivyo uamuzi mkubwa hufanyika mapema, darasani. Mwanafunzi anayeliacha somo la Fizikia kabla ya mtihani wa kidato cha nne hujifungia mwenyewe milango ambayo matokeo ya mtihani yangeweza kumwachia wazi.