Safu ya Lugha: Caligula ni kijiatu

Mtangazaji mmoja wa redio amewaambia wasikilizaji wake kwamba "Caligula" ni neno la Kilatini lenye maana ya mtawala katili. Sivyo. "Caliga" ni kiatu kizito cha askari wa Kirumi. Kikifanywa kidogo kinakuwa "caligula", yaani kijiatu. Mtoto wa jemadari Germanicus alilelewa kambini akivishwa sare za kiaskari za kimo chake, nao askari wakampachika jina hilo kwa mapenzi. Jina lake hasa ni Gaius. Sifa ya ukatili aliipata baadaye, alipotawala Roma mwaka 37 hadi 41 BK.

Udogo wa Kilatini, kama wetu, una nyuso mbili. Mwandishi wa Kirumi Cicero alimwita binti yake Tullia "Tulliola", na katika barua zake jina hilo limejaa upendo mtupu. Lakini "Graeculus", Mgiriki mdogo, lilikuwa neno la dharau. Nasi tunayajua hayo: "kitoto changu" hubembeleza, "kijizee" hukejeli.

Ndugu watangazaji, mkitaka kusema katili, semeni katili.