Umeme, Nguvu na Tundu: Historia Fupi ya Baadhi ya Istilahi

Katika kazi ya kuunda istilahi, ni maneno machache ya Kiingereza yanayotusumbua kama "power". Neno hilo moja hubeba maana ambazo Kiswahili kimekwisha kuzigawa tangu zamani: nguvu za mwili, mamlaka ya mtawala, uwezo wa mashine, na umeme upitao katika waya. Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya jambo hili tangu umeme ulipofika Dar es Salaam hadi zama hizi, ambapo vijana wa Kinondoni na Temeke wanajifunza kuandika programu ziingiazo ndani kabisa ya mfumo endeshi wa kompyuta, pale panapoamuliwa kama tundu la USB lipewe umeme au likatiwe.

Hapo awali umeme ulikuwa ni ule wa mawinguni tu, mwenziwe radi. Mwaka 1908 utawala wa Wajerumani ulifunga mitambo ya kwanza mjini Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa wakoloni. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, huduma hiyo ilikabidhiwa kwa makampuni mawili ya binafsi, moja likihudumia Dar es Salaam na wilaya yake. Serikali huru ilianza kununua hisa mwaka 1964, na kufikia 1975 ilikuwa imezimiliki zote. Katika muda wote huo hapakuwa na kamati iliyokaa kuamua kitu hiki kiitweje. Wenyeji walitazama mwanga uwakao ghafla bila moshi wala utambi, wakaona unafanana na ule wa mbinguni, wakauita umeme. Wenzetu wa Kenya walipita njia nyingine, wakauita stima, jina lililotokana na mvuke. Majina yote mawili yanafanya kazi, lakini la kwetu lina faida kwamba halikukopwa, na wala halikuchanganywa na nguvu.

Jambo la kuangaliwa zaidi si jina lenyewe bali vitenzi vilivyojikusanya kulizunguka. Umeme huwaka, huzimika, hukatwa, hurudi. Wakati wa upungufu wa miaka ya 1992 na 1994, na tena 2006, neno mgawo lilipata maana mpya ambayo hata mtoto wa Mbagala aliielewa. Mita za LUKU zilipoletwa katika miaka ya 1990, jina lake lilifupisha sentensi nzima ya Kiswahili, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mwandishi anahesabu hiyo kuwa miongoni mwa istilahi bora kabisa za karne iliyopita. Kwa kifupi, mwananchi wa kawaida alikwisha kuwa na lugha kamili ya kueleza umeme unaotolewa kwa ruhusa, unaopimwa, unaozidiwa na unaokatwa.

Kompyuta zilikuja kwa mwendo mwingine. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Bunge kupitisha Sheria Na. 27 ya 1967 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na masharti hayo hayakulegezwa hadi miaka ya 1980. Kwa hiyo kizazi kizima cha waunda istilahi kilikuwa kikiunda majina ya vyombo ambavyo wananchi wengi hawakupata kuvigusa. Tarakilishi, ngamizi na kompyuta zikashindana, na iliyoshinda kwetu ni ile iliyotamkwa na watu wenye chombo mikononi. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi zenye Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice. Huo ulikuwa ushindi halali. Lakini maneno yaliyotafsiriwa yalikuwa ya juu ya kioo: faili, hariri, hifadhi, chapa. Yaliyo chini, ambayo mtumiaji hayaoni, yalibaki na Waingereza.

Sasa tuingie huko chini. Kanuni za USB 2.0, zilizotolewa mwaka 2000, zinasema kwamba tundu hutoa volti 5. Kifaa kikichomekwa kinaruhusiwa kwanza mkondo usiozidi miliampia 100. Kikitaka zaidi, hadi 500, hutaja kiasi hicho, na kompyuta hukubali au hukataa. Lakini nani hasa anawasha tundu? Aghalabu ni swichi ndogo iliyofungwa katika bodi, na kila mtengenezaji wa bodi huiunganisha na pini anayoitaka yeye. Programu ya kiini haiwezi kulijua hilo kwa kubahatisha. Katika mfumo wa Linux, bodi zilizojengwa juu ya chipu za DA8xx za Texas Instruments zilikuwa na faili lake kila moja, na faili hilo lilimpa kiendeshaji wa USB kazi chache zilizo maalumu kwa bodi ile: washa au kata umeme wa tundu, eleza kama umewaka, eleza kama mkondo umezidi, na nijulishe hali hiyo ibadilikapo. Mafaili ya namna hii yaliongezeka mno kwa bodi za jamii ya ARM, hata mwaka 2011 Linus Torvalds akalalamika hadharani. Tangu hapo maelezo ya bodi yamekuwa yakihamishiwa katika orodha za pembeni zisizo programu, na swichi ya tundu kuelezwa humo kama chanzo cha umeme kinachoweza kuwashwa na kuzimwa.

Mwanafunzi akiambiwa kwamba hapa pana "udhibiti wa nguvu", ataelewa nini? Atafikiri juu ya wati, au juu ya kani, na kutafuta hesabu ambayo haimo. Hakuna nguvu inayopunguzwa wala kuongezwa. Kuna umeme unaowashwa na kukatwa. Pendekezo letu ni uwashaji na ukataji wa umeme wa tundu. Ni refu, lakini halidanganyi.

Vivyo hivyo kuna vitovu ambavyo matundu yake yote huwashwa na kukatwa kwa pamoja, na vingine ambavyo kila tundu lina swichi yake. Yeyote aliyepata kupanga katika nyumba ya Kiswahili ya Tandika au Mwananyamala, vyumba sita na mita moja, hahitaji kufafanuliwa: mpangaji mmoja akichomeka jiko, ukumbi mzima unaingia giza. Umeme wa shirika na umeme wa chumba ni majina yanayojieleza.

Kuna pia kipimo cha muda unaopita tangu tundu liwashwe hadi umeme wake uaminike. Katika kanuni za OHCI muda huo huandikwa kwa hatua za milisekunde 2, na hauwezi kuzidi milisekunde 510. Mama wa nyumbani wa Manzese, umeme urudipo, hachomeki friji papo hapo. Husema, ngoja utulie kwanza. Muda wa kutulia, basi. Sijaona tafsiri ya kitabuni iliyo sahihi zaidi.

Ishara ya mkondo kuzidi ina hatari yake. Katika bodi nyingine waya wa ishara hushuka kuonyesha hatari, na katika nyingine hupanda. Kiendeshaji akiambiwa kinyume, hulikata tundu lililo zima na kuliacha lenye shoti likiendelea kupata moto. Maelezo ya hapo yakiandikwa kwa Kiswahili chenye utata, bodi itaungua kwa sababu ya lugha.

Yako maneno ambayo bado yanagombaniwa. "Bandari" kwa maana ya tundu ni tafsiri ya kamusi isiyotazama kitu chenyewe, nasi hatuna budi kuikataa. Bodi ina taabu ya kuwa pia bodi ya wakurugenzi na bodi ya gari, lakini fundi simu asemapo bodi imepiga shoti hapana amdhaniaye mkurugenzi. Ubao tuwaachie walimu. Kiini kinafaa. Lililo gumu ni kiendeshi, ambacho wengine wamekwisha kukipa chombo cha kusomea diski, na wengine programu iongozayo kifaa. Makala haya yametumia kiendeshaji kwa maana hii ya pili, na kukitaja kama mtu, kwa kuwa ndivyo kinavyotenda: huambiwa, huuliza, hukata. Wasomaji wenye hoja ya kukipinga wanaombwa waiandike, hasa wale wanaofundisha mafundi wa umeme kule Chang'ombe.