Kuanzia Mwisho: Upangaji wa Usanisi na Shaba ya Lualaba

Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alikusudia kutengeneza kwinini. Hesabu yake ilikuwa ya atomi tu: alichukua dutu yenye takriban nusu ya atomi za kwinini, akadhani kwamba sehemu mbili zake zikiongezewa oksijeni na kupoteza maji zitakuwa dawa. Hazikuwa. Majaribio yaliyofuata yalimpatia rangi ya zambarau iliyomtajirisha, lakini si kwinini, kwa kuwa idadi ya atomi haielezi jinsi zilivyofungamana.

Njia nyingine ilidokezwa mwaka 1917 na Robert Robinson, aliyeivunja tropinoni kwa fikra ikawa vipande vitatu sahili, kisha akaviunganisha maabarani. Katika miaka ya 1960 E. J. Corey wa Chuo Kikuu cha Harvard aliifanya fikra hiyo kuwa kanuni: anza na molekuli inayotakiwa, kata kifungo ambacho mwitiko unaojulikana unaweza kukijenga, endelea hadi malighafi inayopatikana kwa urahisi. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mwanaisimu hatashangaa sana. Kitenzi fungishiana nacho huchambuliwa kwa kuondoa -an-, kisha -i-, kisha -ish-, hadi kufikia mzizi fung-.

Lualaba inao mfano wake. Kiwanda cha Luilu, Kolwezi, kilipoanza kazi mwaka 1960, shaba iliyoyeyushwa kwa asidi ya sulfuriki ilipelekwa kwenye umeme bila kuchujwa kwanza kwa molekuli za kaboni. Uchujaji huo ulianza kibiashara Arizona mwaka 1968, ukafika Chingola, Zambia, mwaka 1974. Tenke Fungurume ilianza kutoa shaba kwa njia hiyo mwaka 2009.

Molekuli mojawapo ya kazi hiyo ni nonilisalisilaldoksimu. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Oksijeni na nitrojeni zake hukaa jirani na kuibana shaba pamoja. Mkia wa kaboni 9 huifanya iyeyuke katika mafuta ya taa, isipotelee majini. Je, itengenezwe vipi? Kata kwanza kifungo cha kaboni na nitrojeni: hubaki aldehidi na hidroksilamini. Kata aldehidi: hubaki nonilifenoli na fomaldehidi. Kata mkia: hubaki fenoli na nonini, ambayo nayo ni propilini tatu zilizounganishwa. Malighafi zote ni za kawaida.

Hapa ndipo wanafunzi wengi waliokariri miitiko moja moja hukwama, kwani mpango ukigeuzwa kuwa kazi, utaratibu una amri yake. Mkia hutangulia. Ukishaikalia nafasi iliyo mkabala na oksijeni ya fenoli, aldehidi haina budi kuingia nafasi ya jirani, yaani pale pale panapohitajika ili shaba ibanwe. Aldehidi ikitangulia, yaweza kuikalia nafasi ya mkia, tena huifanya pete iwe nzito kupokea mkia huo baadaye.

Kiwandani molekuli mbili huikamata atomi moja ya shaba katika asidi hafifu na kuiachia katika asidi kali, kisha hurudi kazini. Kobalti hubaki katika maji ya asidi, ikingojea njia yake yenyewe.